Baba Yangu Chini ya Kitanda cha Kailo

Jamani, leo nimemuaibisha baba yangu mzazi mbele ya watu. Mimi mwenyewe, kwa wino wangu mwenyewe. Nimejifungia chumbani. Mama yuko jikoni anacheka peke yake, na kila akicheka natamani ardhi ipasuke.

Leo kulikuwa na tamasha la katuni hapa Kindu. Si la mabwana wakubwa. Ni letu sisi tunaochora wenyewe, tunapiga fotokopi wenyewe, tunakunja wenyewe, tunauza wenyewe (na mara nyingi tunanunuliana wenyewe). Wengine walitoka mpaka Bukavu na Kisangani. Nami, Zaina wa Alunguli, nikapewa meza yangu ya kwanza maishani.

Kijitabu changu kinamhusu baba. Wakati wa vita, chumvi ilipoisha mjini, alifunga vidumu vya mawese kwenye baiskeli, mama akabaki mlangoni analia, yeye akaingia porini kwenda kutafuta chumvi upande wa Kailo. Huko watu wenye bunduki wakamfukuza. Bibi kizee mmoja, mjane, akamwingiza nyumbani kwake na kumsukuma chini ya kitanda. Wale watu wakapekua, hawakumwona. Baba akampa yule bibi mawese ya shukrani, akapata chumvi, akarudi kwetu mzima. Mama akatupa sufuria akacheza.

Habari ya yule bibi baba hakuwahi kumwambia mtu. Aliniambia mimi mwaka huu, baada ya kunisimanga miaka yote kwamba kuchora ni kazi ya watoto. Akasema: "Unichore muzuri. Na yule bibi, umupatie heshima yake." Maneno hayo yananiuma mpaka sasa.

Asubuhi nilichelewa. Nikawa nakunja mbiombio: karatasi moja ndani ya nyingine, jalada juu, pini katikati. Ya ndani nikaiweka nje, ya nje nikaiweka ndani. Vijitabu vyote! Na namba za kurasa sikuandika, eti zinaharibu mchoro. (Msanii mkubwa, mimi.)

Nikavuka mto Lualaba, nikapanga meza yangu ukumbini, mtaa wa Kasuku, nikauza viwili vitatu, nikajiona. Wazazi wakafika. Baba kavaa kanzu ya Idi! Mama kitenge kipya. Wamekuja na Mzee Salumu, rafiki wa baba, ndiye muadhini wa mtaa wetu. Huyo mzee ana sauti moja tu, ile ya kuamsha watu alfajiri.

"Salumu, soma," baba akasema. "Mimi nimeacha miwani. Soma watu wasikie."

Mzee Salumu akafungua.

"Mwanamuke anasema: Ingia mbio, lala chini ya kitanda yangu!"

Akamtazama baba. Mimi nikadhani ameruka kurasa.

"Wanaume wanaingia na hasira: Huyo mwanaume iko wapi?"

Meza ya jirani, wale vijana wa Bukavu, wakaacha kuuza.

"Mama Zaina analia ku mulango: Usituache! Baba Zaina anapanda baiskeli, anapotea mu pori." Akafunua. "Mama Zaina anatupa sufuria, anacheza, anashukuru Mungu! Watoto wanakula sombe, wote wanafurahi!"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Nikanyoosha mkono nimnyang'anye, wapi! Mzee alishakolea.

"Baba Zaina anapelekea yule mwanamuke mawese: Aksanti mama, ile usiku sitaisahau. Anapanda baiskeli, anachekelea. Mwisho."

Mama akageuka taratibu.

"Baba Zaina. Kitanda gani?"

Mama yangu wee! Nikang'oa pini kwa kucha, nikapanga karatasi upya, nikaeleza kosa langu mpaka mate yakanikauka. Mzee Salumu akasoma tena, safari hii sawasawa. Watu wakasema "aaa!" Nikashusha pumzi.

"Sawa," mama akasema. "Nimesikia yote. Lakini kitanda bado iko."

"Alikuwa bibi muzee, Mama Zaina!" baba akalia. "Hana meno!"

"Huyu?" Mama akagonga ukurasa kwa kidole. "Na mashavu hii? Na meno hii yote?"

Watu wakacheka tena. Baba akachukua kijitabu, akakisogeza karibu na macho, akakitazama sana. Kisha akasema kwa sauti ndogo, kama vile mimi tu ndiye niliyekuwepo: "Yule mama njo aliniokoa. Sasa watu wanamucheka."

Hapo haya ikanishika kweli. Sikuwa na pa kuweka uso. Kwa sababu kulikuwa na jambo ambalo nimewaficha wachoraji wenzangu tangu nianze, na wote walikuwa pale.

Nikapanda juu ya kiti. "Mama, kosa ni langu! Mimi sijui kuchora wazee!"

Kijana mmoja wa Bukavu akadondosha kalamu.

"Mikunjo inanishinda! Nikiiweka, uso unakuwa nanasi! Kwa hiyo nachora wote vijana tu!"

"Aka," mama akasema. "Nichore mimi, tuone."

Akakaa. Nikachora, ukumbi mzima umenizunguka, jasho linadondokea karatasi. Nilijitahidi, haki ya Mungu. Nikamaliza, nikamgeuzia. Alikuwa binti mbichi kabisa, bado hajaposwa.

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mama yeye hakucheka. Aliutazama ule mchoro kwa muda, akauinamisha kushoto, akauinamisha kulia.

"Kweli," akawatangazia watu, "huyu mutoto hajui."

Akaukunja vizuri, akauficha ndani ya kitenge. Akamshika baba mkono. Kesi ikaisha.

Mimi je? Wamama wote wa ukumbini wakapanga foleni mbele ya meza yangu, kila mmoja anataka achorwe na asiyejua mikunjo. Vijana wa Bukavu wakanibandikia karatasi: HAPA HATUZEEKI. Kijitabu changu cha vita hakuna aliyekigusa tena.

Kwenye mtumbwi wa kurudi, tulipofika katikati ya mto, baba akakohoa. "Kesho ukuje na penseli. Ile uso ya yule bibi ningali naiona. Nitakuonyesha mukunjo kwa mukunjo, mpaka uiweze."

Nikajifanya nimeingiwa na maji machoni.

Basi msinicheke, nawaomba. Na wewe uliyenunua kijitabu mapema, popote ulipo, kirudishe. Kama hutaki, basi niamini tu: yule mwanamke hana hata jino moja.