Ombi la Kumsajili Shangazi Hawa kuwa Mtandao

Nuh Adano,
Duka la Dawa za Mifugo,
Garsen.

Kwa Afisa,
Dawati la Malalamiko ya Faragha,
Hola.

Bi. Farhiya Shurie, mwenye dhamana ya siri zetu,

Pokea salamu kwanza. Mimi ni mzima, ng'ombe wa ndugu zangu ni wazima, na nyasi za upande wa mashariki ya mto zimeanza kuota. Hayo nimekupa kwa ridhaa yangu, nawe tafadhali usimpe mtu mwingine kabla ya kuniuliza.

Nimeliona tangazo lako kwenye lango la soko la mifugo. Linasema kwamba taarifa za mtu ni mali yake, na kwamba yeyote anayezikusanya, kuzihifadhi na kuzisambaza ni lazima asajiliwe, aombe ridhaa, na afute akiambiwa afute. Nililisoma nikiwa nimemshikia mtu mbuzi wake, nikafurahi hata mbuzi akaniponyoka. Kwa miaka yote nilidhani tatizo langu ni la kifamilia, kumbe ni la kisheria.

Ninamshtaki shangazi yangu, Bi. Hawa Bonaya, dada ya baba yangu, muuza maziwa hapa Garsen. Hana simu. Anasema simu ingempunguzia kasi.

Ili uelewe uzito wa jambo hili sina budi kukueleza siri yangu, na ninaiandika hapa kwa kuwa wewe umeajiriwa usiseme. Wadi yetu ina uchaguzi mdogo. Mgombea mmoja ni Mzee Kassim, baba wa mke wangu Muna. Ameahidi intaneti ya bure kwa kila boma. Ni ahadi tamu, ila ili uipate unapeleka jina lako, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu na idadi ya ng'ombe wako, na yote yanaingia katika simu ya mpwa wake. Mgombea wa pili ni Bi. Barwako, mwalimu mstaafu. Yeye hakuahidi intaneti. Amesema orodha ya basari za wanafunzi itabandikwa ukutani, mikataba ya visima itasomwa barazani, na programu za kompyuta za ofisi ya wadi zitakuwa huria, yaani zile ambazo mtu yeyote anaweza kuzifungua akaona zinafanya nini ndani. Mambo ya umma yawe wazi, ya mtu yabaki yake. Nilishangaa kumsikia, maana sisi tumezoea kinyume: kila mtu anajua nitampigia nani kura, na hakuna anayejua kisima kilienda wapi.

Basi nikaamua moyoni kumpigia Bi. Barwako. Sikumwambia mtu. Hata Muna sikumwambia, kwa kuwa ukimwambia binti wa mgombea umemwambia mgombea. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Fundi simu Abdikadir, ambaye kibanda chake kimepakana na duka langu, ni muumini mkubwa wa programu huria. Aliniambia, "Wewe Nuh, ukinunua ng'ombe unamfungua mdomo uone meno. Simu mbona umeinunua mdomo umefumbwa?" Nikampa simu. Akaziondoa programu zote alizosema zinanichungulia, akaniwekea nyingine ambayo ujumbe wake unafungwa, asiweze kuusoma ila aliyetumiwa. Katika Garsen nzima aliye na programu hiyo ni Abdikadir peke yake, kwa hiyo sasa ninaweza kuwasiliana kwa usalama kamili na Abdikadir, ambaye tumetenganishwa na bati moja. Kamera niliibandika plasta. Neno la siri nililirefusha mpaka likanifungia nje mimi mwenyewe Ijumaa nzima. Nilikuwa mtu salama kuliko wote katika delta.

Hili si lalamiko dhidi ya Abdikadir. Nimelitanguliza ili uone kwamba nilitimiza sehemu yangu.

2. Kila asubuhi Shangazi Hawa huketi kando ya barabara na wenzake, kila mmoja na mtungi wake, wakipokea maziwa kutoka mabomani. Anayeleta maziwa huleta na habari za kwao, na anayerudi hurudi na za kwetu. Unafahamu desturi ya wafugaji: mtu akitoka mahali haulizwi jina. Anaulizwa mvua, kisha nyasi, maji, ng'ombe, wagonjwa, waliooa, walioachana, na mwisho ndipo anaulizwa yeye mwenyewe. Nimelinganisha maswali hayo na ya programu moja ya simu ambayo Abdikadir huilaani kila akinywa chai. Ile inauliza machache kuliko shangazi, na ina kitufe cha kukataa. Shangazi hana kitufe.

3. Asubuhi iliyofuata tangazo lako nilipita mbele yao. Shangazi akaniuliza kama kawaida, "Nuh, una habari gani?" Nikamjibu kwa lugha yako, kwamba habari zangu hutolewa kwa ridhaa, kwa lengo maalumu na kwa muda maalumu. Akaweka mtungi chini. Akanitazama kama anavyomtazama ndama aliyekataa titi, halafu akawaambia wenzake, "Huyu ana jambo."

Hapa, Bi. Afisa, ndipo sheria yako ina tundu. Kwetu hakuna mtu asiye na habari. Anayesema hana ameona nyasi mahali na anazificha kwa ajili ya ng'ombe wake, na mtu huyo hupewa heshima ndogo kidogo tu kuliko mwizi. Mimi nilificha kura, wao wakaanza kutafuta malisho. Nasteha mwenye duka la nguo alinicheka waziwazi: "Kaka Nuh, si ungesema unaumwa jino? Tungekupa karafuu, tukakuacha." Angalia sasa: hawakuchukua neno langu hata moja. Walichukua ukimya wangu, wakausambaza. Ninaomba kujua kama ukimya wa mtu nao ni mali yake.

4. Abdikadir huniambia programu huria ina sifa nne: yeyote anaisoma, yeyote anaitumia, yeyote anairekebisha, na yeyote anaigawa. Nimemwambia hajavumbua kitu, aje akae na wauza maziwa. Toleo la kwanza, lililotoka Garsen, lilikuwa fupi: Nuh ana jambo. Watu wa Idsowe wakalirekebisha, wakasema jambo lenyewe ni la siasa, maana aliyezoea kuuza dawa ya kupe hawezi kutamka "lengo maalumu" bila kufundishwa na chama. Minjila wakaamua kwamba ninagombea. Ozi wakanipa kaulimbiu, "Kwa Ridhaa Yako", na kwa kweli si mbaya. Habari ilipofika Kau, ambako hata hawapigi kura katika wadi yetu, wakanichagulia alama ya mtumbwi. Mimi ni mtoto wa wafugaji. Nikipanda mtumbwi hufumba macho mpaka ng'ambo.

Nimefuatilia kwa makini na sikumpata aliyesema uongo. Kila mmoja aliongeza kipande kidogo tu, kwa nia njema.

5. Toleo lililomfikia Mzee Kassim lilikuwa limekamilika: mkwe wake anasimama dhidi yake, kwa alama ya mtumbwi. Inasemekana alisema, "Nimempa binti, sasa anataka na kiti." Jioni ile Muna aliniuliza, "Unagombea?" Nikamwambia sigombei. Akauliza, "Basi utampigia baba?" Nikamjibu kwamba kura ni siri. Ningeweza kunyamaza, ningeweza hata kukohoa, lakini nilisema kura ni siri. Muna akakunja nguo zake, akavuka mto kwenda kwao.

Nimemtumia ujumbe uliofungwa, ausome yeye peke yake. Hawezi kuufungua, kwa kuwa hana programu. Kumfuata siwezi, maana nikionekana kwa Mzee Kassim wiki ya kampeni itasemwa nimekwenda kupatana au kupigana, na Kau watabadilisha alama. Mimi huandika shajara yenye tarehe kila siku, tangu nilipomaliza kidato cha nne. Kurasa za siku hizi zimekuwa fupi: "Chai. Duka. Chai." Ninachotaka ni mke wangu arudi, Bi. Afisa, na yote ninayoomba hapa chini ni kwa ajili hiyo.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu, ninaomba:

(a) Shangazi Hawa asajiliwe kuwa mtandao, apewe cheti, akitundike shingoni mwa mtungi.

(b) Kabla ya kumsalimu mtu, amsomee masharti yote kwa sauti, naye anayesalimiwa atie kidole gumba. Ninajua maziwa yatachacha. Sheria ni sheria.

(c) Mimi nisahauliwe, kama tangazo linavyoahidi. Tuma maafisa kwa gari hadi Minjila na kwa mtumbwi hadi Ozi na Kau, wamwambie kila mtu asahau kwamba ninagombea, kisha asahau kwamba afisa alikuja kumwambia asahau.

(d) Kwa kuwa aliyesahau ataulizwa habari na mwenzake, na kwa desturi hawezi kusema hana, kila mmoja apewe habari nyingine ya badala, yenye uzito uleule. Ninapendekeza imhusu Abdikadir. Yeye anaamini katika uwazi.

(e) Hayo yakishindikana, desturi ya kuulizana habari isimamishwe kuanzia Hola mpaka baharini hadi kura zihesabiwe. Mvua ikinyesha wafugaji wataijua kwa kulowa.

Ninatumaini ombi langu litapokelewa kwa moyo uleule wa tangazo lako. Nisalimie wenzako wote wa dawati, mlinzi wa geti, mama anayewapikia chai, na jamaa zako wa Garissa, ila usiwaambie salamu zimetoka kwa nani.

Ni mimi, ninayejificha kwa mujibu wa sheria,

Nuh Adano
(nambari ya kitambulisho nimeizuia)

Nyongeza: Nilikuwa ninatafuta gundi ya bahasha Shangazi Hawa alipoingia dukani. Sikumuuliza kitu. Akasema, "Mkeo anasema hivi: kwa baba kumejaa wageni wa kampeni, sufuria haishuki jikoni. Kura yako ni yako na yake ni yake, hamtaulizana. Uwe kivukoni Alhamisi, umbebee mzigo."

Namjua Muna. Neno "hamtaulizana" halijawahi kupita kinywani mwake. Nikambana shangazi, akakiri kwa taabu. Muna alichosema ni kwamba mimi ni jiwe, na jiwe halina mke. Mwanamke wa kwanza aliyepewa ujumbe, anayevusha maziwa kutoka kwa Mzee Kassim, aliona "jiwe" ni neno zito akalitoa. Wa pili akatia sufuria, ili ijulikane kule amechoka. Wa tatu, ambaye ni mfuasi wa Barwako na hajawahi kumwambia mumewe, akatia ile ya kura. Kivuko na Alhamisi ni za shangazi mwenyewe. Nikamwambia, "Shangazi, basi Muna hajui kwamba anarudi." Akanijibu, "Atajua jioni. Yule wa maziwa anapita kwao saa kumi, na maneno yako yatakuwa yameshatengenezwa. Sema chochote."

Nikasema "nitakuja", basi, maana likifika litakuwa refu na zuri kuliko lolote ninaloweza kuliandika.

Kwa sababu hiyo ninakuomba usimsajili mtu, usifute kitu, wala usimzuie yeyote kuuliza habari. Barua hii ningeichana, lakini shangazi ameiona mkononi mwangu akauliza ina habari gani, na sikuweza kusema haina. Amejitolea kuifikisha Hola kupitia wenzake. Bahasha nimeiacha wazi. Kama humo mna neno lisilofaa kumfikia Mzee Kassim, litakuwa limeshaondolewa kabla hujaisoma.