Themostati Yenye Taa ya Bluu

Jumatatu, 7 Julai
Sabasaba. Baridi imekaza. Vifaranga wangu wamerundikana tena kujipasha joto. Waliokuwa chini hawakuamka. Kwa jirani, mama Mercy, hafi hata mmoja, na anatumia chungu cha mkaa tu! Ijumaa kamati ya parokia inapita kwetu sote wawili kuchagua nani atawauzia kuku wa jubilei ya padri. Lazima nimshinde. Dawa iko tayari: sakafu ya moto. Waya wa umeme nimeshaulaza chini ya saruji ya stoo. Imebaki themostati, kifaa cha kuzima waya sakafu ikipata joto la kutosha. Mke wangu Yustina kasema mkaa upo. Nimemwambia mkaa ni wa kina mama Mercy.

Jumanne, 8 Julai
Madukani. Duka la kwanza, Patrick kauliza waya wangu unakula umeme kiasi gani. Nimesema wa kutosha. Kaomba karatasi iliyokuja na waya. Hiyo niliwashia moto jikoni. Kasema sakafu inataka themostati yenye kijiwaya kinachofukiwa chini, maana ile ya ukutani inapima hewa tu. Lakini hauzi mpaka ajue nguvu ya waya. Maswali kama uhamiaji! Nimetoka. Duka la pili, Gervais hakuuliza kitu. Muungwana. Kanitolea ya ukutani, taa ya bluu, na alama ya theluji. Theluji! Yaani imetengenezwa kwa ajili yetu wenye baridi. Nimechukua.

Jumatano, 9 Julai
Nimefunga mwenyewe. Fundi wa nini? Nimeiweka nyuzi joto thelathini na mbili. Asubuhi nzima sakafu baridi kama kisima. Nimevumilia, kifaa kigeni lazima kizoee nyumba. Alasiri, mabati yamepata jua, taa ikawaka, sakafu ikawa ya moto! Nimeingiza vifaranga. Nikapita kwa mama Mercy kumpa pole mapema. Kashtuka, kauliza nani kafariki.

Alhamisi, 10 Julai
Asubuhi sakafu baridi tena. Vifaranga wanalia. Yustina kawatia kwenye boksi, kawaweka jikoni karibu na jiko la mkaa. Wakanyamaza. Nimemwambia ni kwa muda tu, na asimwambie mtu.

Ijumaa, 11 Julai
Vifaranga nimewarudisha stoo mapema. Kamati imefika mchana, jua kali. Nimewaomba wavue viatu, waionje teknolojia kwa nyayo. Mwenyekiti, mzee Isidori, kaingia wa kwanza. Karuka. Karuka tena. Vifaranga walishapanda juu ya vyombo vya maji. Walipomwona, wakamparamia yeye. Mmoja kafika begani.
“Respicius,” kasema, “hapa unafuga au unakaanga?”
Wote wamecheka, isipokuwa mama Mercy aliyekuja kutazama. Kazima swichi, kakusanya vifaranga kwenye kanga, kawapeleka kwake kivulini. Kuku wa jubilei watatoka kwake. Angecheka ningepata la kusema.

Jumamosi, 12 Julai
Nimemvamia Gervais. Kasema themostati ile ni ya jokofu la samaki: joto likipanda inawasha, likishuka inazima. Nimemuuliza kwa nini hakuniambia. Kasema sikuuliza. Yuko tayari kunibadilishia, ila kwanza nimwambie waya wangu unakula umeme kiasi gani. Naye kaanza! Nimeondoka na kifaa changu.

Jumapili, 13 Julai
Misa. Mahubiri marefu, nikapata nafasi ya kufikiri. Mchana mama Mercy karudisha vifaranga, wote wazima, na gunia la mkaa juu yake. Kasema jirani ni jirani. Nimemshukuru. Mkaa Yustina atapikia.
Maana nimeshaona kosa lilipo. Themostati ni nzima. Kosa ni kuku! Kifaa cha samaki kinataka samaki, na ziwani Karema wamejaa. Kesho nakwenda. Yustina kauliza jokofu lenyewe liko wapi. Nimemwambia asiwe na haraka, sehemu ngumu tumeshainunua.