Fidélie na Ukurasa wa Pili Uliolazwa Ubavu

Sogeeni, enyi wa Dilala, nanyi mlio njiani kuelekea Mutshatsha na mizigo kichwani. Pokeeni habari za Fidélie binti Kabemba, simba jike wa kibodi, karani wa parokia, na vita alivyopigana na printa mwaka ule watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa Kolwezi.

Asubuhi hiyo alifika mwalimu Stanislas Mbuyi, mzaliwa wa mji huu, ambaye nyumba yake ilikwisha kutwaliwa na jamaa yake ikilala kituo cha treni. Shule moja ya Ndola, ng'ambo ya mpaka, ilikuwa tayari kumwajiri, ila ilitaka hati zake, kurasa tatu, kwa Kiingereza. Na lori la kumpeleka huko lilikuwa linaondoka saa sita.

Programu ya kutafsiri ilimaliza kazi upesi. Lakini kurasa zile tatu zilikuwa na matakwa kama mabinti wa mfalme: barua ya padri ilidai karatasi yenye kichwa cha parokia, jedwali la alama lilidai kulazwa ubavu ili lienee kwa upana, diploma ilidai karatasi nene ya kupigwa muhuri. Fidélie alikuwa ameiandikia printa amri za matakwa hayo, lakini programu, katika kugeuza lugha, ilizifuta zote. Printa ikanguruma, ikachapa zote kwa mkao mmoja, na alama za hesabu zikaangukia nje ya ukingo kama jeshi lililosukumwa mtoni. Karatasi yenye kichwa ikabaki moja.

“Mama Fidélie, wacha tu,” akasema mwalimu. “Nitabaelezea na kinywa.”

“Tata Stanislas, ikala kwanza ku kiti. Batu balikufukuza mu nyumba; hii machine haitakufukuza mu kazi.”

Ndipo shujaa akatambua siri ya adui: amri iliyoandikwa kabla ya tafsiri hufa njiani. Akaziandika upya baada yake, juu ya kila ukurasa, akiongeza: simama, ungoje karatasi. Akaitia ile karatasi ya mwisho yenye kichwa. Printa ikatii. Ikasimama, ikangoja, ikaulaza ukurasa wa pili, na alama zote zikatoka salama.

Mwalimu akasoma, akacheka mara ya kwanza tangu atoke nyumbani. “Hesabu nilipata makumi munane na mbili. Nilishasahau.”

Akapanda lori, bahasha ndani ya shati. Na iandikwe, kwa wino wowote uliosalia, kwamba mwaka ule Kolwezi ilipopoteza mengi, kurasa tatu zilitoka kamili, kila mmoja kwa karatasi yake.