Nukta Tatu Katikati ya Kiungo

Jumatatu, 3 Machi
Meneja ametangaza mashindano. Programu yetu ya simu, ile ya matangazo ya shule, inaonyesha viungo vya mtandao virefu hadi vinamwagika nje ya kioo. Mwalimu huandika tangazo kwa Markdown, yaani maandishi ya kawaida yenye alama chache, nasi tunayageuza yawe ukurasa nadhifu. Viungo ndivyo vinavyotutia aibu. Atakayevifupisha vizuri kabla ya Alhamisi atahamia meza ya dirishani. Mimi, mkubwa kuliko wote hapa, nakaa mlangoni pa choo. Kila atokaye hukung'utia mikono juu ya karatasi zangu. Mpinzani wangu ni msanifu wa kurasa, binti wa juzi tu. Shikamoo nyingi, lakini dirisha analitaka.

Jumanne, 4 Machi
Nimeacha mwanzo wa kila kiungo, mkia nimekata. Safi sana. Kasoro moja: viungo vyote vya shule vina mwanzo mmoja. Mjaribu programu akabonyeza alichodhani ni ratiba ya mitihani, akapata zabuni ya mafagio. Akaniambia, mzee, umezaa mapacha, sasa hata mama yao hawatambui.

Jumatano, 5 Machi
Ujanja mpya. Naacha kichwa na mkia, katikati naweka nukta tatu. Nimemweleza kila mtu, hata fundi aliyekuja kutazama bomba. Alisikiliza vizuri, bomba likiendelea kuvuja. Msanifu akauliza kama nimefupisha maandishi yanayoonekana tu, au na anwani yenyewe. Nikamwambia mwanangu, kazi hii niliianza wewe ukinyonya. Akasema haya, baba. Nimeshapanga kalamu zangu kwenye boksi, tayari kwa safari ya dirishani.

Alhamisi, 6 Machi
Mwalimu mkuu, ndiye mteja wetu, akaja kujionea. Akasifu unadhifu. Akabonyeza. Hakuna ukurasa. Akabonyeza kingine. Hakuna. Akauliza kwa upole, hizo nukta tatu ni mtaa gani. Ikabidi nieleze. Kiungo kina vitu viwili: maandishi yanayoonekana ni kibao cha mlangoni, anwani ni nyumba yenyewe. Nilitakiwa kupunguza kibao. Nimebomoa nyumba. Maelezo yalikuwa mazuri. Meneja alifumba macho muda wote. Msanifu akarekebisha kabla chai haijapoa.

Ijumaa, 7 Machi
Msanifu kahamia dirishani. Nimemsaidia kubeba kiti. Uungwana haugharimu kitu. Wala sina kinyongo. Meneja kanipa kazi ndogo ya kunituliza: majina ya picha ni marefu mno, yaonekane mafupi kwenye skrini. Nimekwenda mbali zaidi. Nimeyakata huko huko picha zinakohifadhiwa, yasije yakatusumbua mara mbili. Sasa msanifu ananiita kutoka dirishani, anasema picha zote zimetoweka. Nimemjibu atazame vizuri, binti yangu, jua la hapo linatia kiwi.