Ripoti Nne kwa Mbarushimana

Jumatatu, 3 Juni
Kifurushi kimekataa kujengeka! Furaha kubwa. Ni programu huria ya kuchora ramani; huijengi, huitumii. Kila inaposhindwa kujengeka kwenye kompyuta yangu kuukuu, naripoti mtandaoni, na mtunzaji wake, Mbarushimana, hunijibu. Miezi mitano sasa. Leo kosa ni moja. Nimeligawa kuwa ripoti nne. Majibu manne!

Jumanne, 4 Juni
Ameziunganisha kuwa moja. Jibu moja: niambatishe logi nzima, ile orodha ya kila hatua ya ujenzi. Sikuambatisha. Akiikosa, ataomba tena. Mama alisimamisha cherehani, akanitazama nikiusoma ujumbe mara ya sita.
"We Nasrine, iko bwana mu iyo mashini?"
Nimemwambia iko kazi.

Alhamisi, 6 Juni
Kirezi wa Kigali, ambaye hakuna aliyemwita, ameambatisha logi. Na kiraka cha kurekebisha kosa! Mbarushimana amemwandikia "kazi safi". Mimi sijawahi kupewa "safi". Nimekijaribu kiraka. Kinafanya kazi. Nimeandika kwamba bado nina mashaka.

Ijumaa, 7 Juni
Ugunduzi! Jumbe zake hubeba saa ya kwao, nayo ni sawa na yetu. Jina pia la kwetu. Basi yuko karibu. Pengine Goma, ng'ambo; Mama huvuka mpaka wa Grande Barrière na vitenge vyake, labda wamepishana. Nimemwandikia kwamba kosa hili halielezeki, sharti lionwe. Jumapili, ufukweni mwa ziwa hapa Gisenyi, saa tisa. Nitakuja na kompyuta.

Jumapili, 9 Juni
Nilikaa nayo mapajani kati ya jozi mbili za maharusi waliokuwa wakipigwa picha. Betri iliisha saa tisa na robo. Jibu nimelikuta nyumbani. Yuko Ubelgiji. Wakati wa kiangazi saa zao hulingana na zetu. Ameuliza, kwa upole, kama nimejaribu kiraka cha Kirezi. Chini kabisa ameongeza: "Mama yangu alizaliwa Gisenyi. Ziwa likoje leo?"
Sikula.

Jumatatu, 10 Juni
Kiraka kimeingizwa, ripoti imefungwa. Kifurushi kimejengeka bila kosa hata moja. Sina tena la kuripoti.
Nimeandika kurasa mbili kuhusu ziwa: rangi yake asubuhi, namna linavyonyamaza upepo ukikata. Nimezifuta. Huwezi kumwandikia mtu habari za maji bila sababu.
Nimefuta pia faili mbili ambazo kifurushi kinazihitaji, nikajenga upya. Kimeshindwa!
"Ndugu Mbarushimana, samahani kwa usumbufu..."