Jinsi Neno Takatifu Lilivyopata Saini Tatu

Jongeeni, enyi wenye masikio mawili na subira walau moja! Acheni mnachokipika, zimeni mnachokitazama, na wewe unayejikuna hapo nyuma maliza kabisa ndipo tuanze, maana habari ninayoileta si ya kusikilizwa nusunusu. Nitasimulia vita vilivyopiganwa katika ghorofa ya tatu, baina ya milango miwili inayotazamana, tangu saa mbili asubuhi hadi saa nne kamili. Vita visivyomwaga damu ila wino, na shujaa wake alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na tisa ambaye miwani yake ilifungwa uzi upande wa kushoto.

Na wewe birika langu la aluminiamu, mwandani wangu wa miaka kumi na minane, chemka taratibu unitie maneno kinywani! Kwani mimi ndimi mpika chai wa ofisi ile. Wengine huandika historia kwa kuambiwa. Mimi niliiona kwa macho haya, sinia mkononi, na anayebisha aje anieleze yeye siku hiyo alikuwa wapi.

Jueni kwanza kwamba ofisi yetu hutunga kamusi ya asili za maneno. Kila neno lina kadi yake, na kadi haitoki kwenda kwa mchapaji mpaka ipate saini tatu: za Manaibu wawili, kisha ya Mkuu. Na sheria ya saini, iliyowekwa na waliotutangulia, ni moja tu: mdogo hutangulia, mkubwa humalizia, na kila mmoja huandika pembeni siku na saa aliyosaini. Sheria nzuri, hata mtoto anaielewa.

Shujaa wetu aliitwa Mama Kadi. Naam, Mama Kadi, mlinzi wa droo ya saba, mfukuaji wa mizizi, jabali la masjala, ambaye kalamu ikimwishia wino huipulizia pumzi mpaka ikaona haya ikaandika! Ndani ya droo ya saba yalikaa maneno ya ukubwa na ya utukufu, yale ambayo watu huyatamka wakisimama wima, na Mama Kadi aliyajua kwao yote. Askofu, alisema, limetoka mbali kwa Wayunani, na huko lilikuwa msimamizi tu, mtu wa kuangalia kazi za wengine. Sheikh kwa Waarabu ni mzee, basi. Daraja ni kipandio, hiki hiki unachokikanyaga kwenda juu, na waziri, wapo wataalamu wasemao kwamba shina lake ni la kubeba mzigo. Nilipoyasikia hayo mara ya kwanza nilitazama sinia langu kwa heshima mpya.

Lakini kadi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya neno takatifu. Aliandika kwamba limetokana na kutakata, yaani kuwa safi, kama nguo iliyofuliwa ikaondoka taka zote. Na hilo hakulipata kwenye vitabu kwanza. Mama yake mzazi alikuwa dobi kwa miaka arobaini, akifua mashuka ya watu uani kwa mikono yake miwili, na kila shuka alilinyanyua juani akalikagua, kisha akasema, "Haya, hili limetakata." Bintiye, huyu Mama Kadi wetu, alikuwa akichekwa shuleni kwamba ananuka sabuni. Alipokuja kuwa mtunga kamusi alikula kiapo kwamba siku moja kitabu kikubwa kitasema utakatifu umetoka wapi, na mama yake atasomewa akiwa hai. Sasa bibi yule ana miaka themanini na minne, macho yameshaingia ukungu, na kila jioni humuuliza bintiye, "Neno letu limefika wapi?"

"Liko kwa wakubwa, mama."

Lilikuwa kwa wakubwa miezi saba! Na sababu, enyi wasikilizaji, inatia kichefuchefu. Manaibu wetu wawili waliteuliwa siku moja, kwa barua moja, na barua haikusema nani mkubwa. Mmoja alipewa chumba chenye dirisha kubwa lakini hakina zulia. Mwingine chumba chenye zulia zito lakini hakina dirisha. Tuliwaita Naibu wa Dirishani na Naibu wa Zuliani. Atakayetangulia kusaini amejikubali mdogo, kwa hiyo hakuna aliyetangulia. Kadi za droo nyingine zilipenyezwa kwa Mkuu kwa njia zake, lakini hizi za vyeo na utukufu kila mmoja alizilinda kama mboni ya jicho, na hatimaye zote zilipita kwa kupigiwa kura nani atangulie kusaini, isipokuwa takatifu. Hiyo ilikuja wakati wameshanuniana.

Asubuhi ya Alhamisi ile dereva wa mchapaji akaegesha gari uani, akapanda juu akifuta jasho, akatangaza mbele ya wote, "Saa nne naondoka. Nasubiri chai moja, sisubiri mtu." Na Mkuu akatoa amri kutoka ghorofa ya nne: kadi yoyote isiyo na saini tatu itachapwa kwa maneno mawili, asili haijulikani.

"Haijulikani!" alinguruma Mama Kadi, na miwani ikamshuka puani. "Mama yangu anaijua. Mimi naijua. Hata huyu mpika chai anaijua! Haijulikani na nani?" Akajikaza kisabuni, akaichukua kadi, akaingia vitani. Nami nikamfuata na sinia, maana vita bila chai haviendi.

Akauvamia kwanza mlango wa Dirishani. "Ewe Naibu," alisema akiwa amesimama kama anahutubia majeshi, "wewe unayeiona barabara yote kutoka kitini pako, unaona foleni, unaona mawingu, je, huoni kadi hii ndogo? Nakusihi kwa kila kilicho safi, ushushe kalamu yako!"

"Mama, mimi sina ugomvi na neno lako," akajibu Naibu, akikoroga chai. "Neno zuri sana. Lakini nikitangulia mimi, kesho yule wa zulia atanitazamaje kwenye korido? Aanze yeye, dakika hiyohiyo nami naweka yangu."

Akavuka korido hatua tatu, akabisha Zuliani. Huko akakuta pingamizi jipya. Naibu wa Zuliani aliishika kadi kwa ncha za vidole, akakunja uso. "Kwanza aanze yeye. Na pia, Mama Kadi, samahani. Neno kubwa namna hii litoke kwenye beseni la kufulia? Watu watatuelewa kweli?"

Lo! Hapo nilirudi nyuma na sinia langu. Mama Kadi aliinuka urefu wake wote, ambao si mwingi, akasema, "Ewe Naibu! Wakubwa wote unaowaogopa, majina yao yametoka vibandani. Cheo chenyewe kilikuwa kipimo tu, cha kupimia kitu upana na urefu, kabla watu kama wewe hawajakivaa! Na wewe unataka takatifu litoke wapi, kwenye zulia? Mama yangu ameitoa mikono yake magamba kwa ajili ya neno hili. Waulize wanaofua maana ya safi, usiwaulize wanaovaa!"

Naibu akairudisha kadi. "Sawa, sawa, asili nimeikubali," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini aanze yeye."

Shujaa akatoka koridoni, akaegemea ukuta. Saa tatu na dakika tano. Aliniambia, "Mwenzangu, jioni nitamwambia nini yule bibi? Kwamba neno lake halijulikani?" Nilimpa chai, akaikataa, na katika miaka kumi na minane hajawahi kuikataa chai yangu.

Sasa sikilizeni kwa makini. Wakati huohuo Naibu wa Dirishani akatoka chumbani mwake kuja kwenye meza ndogo ya korido, ambapo hukaa daftari la mahudhurio. Alifika kazini saa tatu kasorobo, nilimwona mimi na ngazi zilimwona. Akafungua daftari, akasaini, na pembeni akaandika saa moja na nusu, bila hata kope kupepesa. Wala msimshangae, ofisini kwetu sote huandika hivyo, mimi mmojawapo, na hakuna anayeona kuwa ni uongo. Lakini Mama Kadi aliliona lile daftari kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Akaweka miwani sawa, akatabasamu tabasamu la shari.

"Bwana Naibu," akasema kwa upole uliotisha, "mkubwa wa saini ni nani?"

"Aliyesaini mwisho."

"Na tunajuaje kwamba ni wa mwisho?"

"Kwa saa iliyoandikwa pembeni, mama. Hilo nalo la kuuliza?"

"Basi saini sasa hivi, uandike saa kumi na moja jioni. Gari linaondoka saa nne. Atatokea wapi wa kusaini baada yako?"

Naibu alitazama kadi. Akatazama mlango wa pili. Kicheko kikampanda taratibu mpaka magego yakaonekana, akashusha saini ndefu yenye mkia, na pembeni akaandika: Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Ngome ya kwanza ikaanguka.

Mama Kadi akavuka hatua zile tatu. Naibu wa Zuliani aliisoma kadi, akatazama saa ya ukutani, akaisoma tena. "Saa kumi na moja? Sasa hivi ni saa tatu na robo!"

"Ndivyo alivyoandika, bwana. Mimi ni nani hata nimsahihishe?"

"Ala! Mjanja huyu! Anataka aonekane ndiye aliyefunga!" Akatwaa kalamu kwa hasira. "Naandika saa kumi na mbili."

"Saa kumi na mbili ofisi imefungwa, bwana. Watauliza uliingia vipi."

Naibu akafikiri, mshipa ukamsimama pajini mwa uso. "Basi kesho. Kesho saa mbili kamili asubuhi!"

"Hapo sasa nimekutambua," akasema Mama Kadi, akiinamisha kichwa. Ngome ya pili ikaanguka, na kila Naibu akabaki chumbani kwake akijiona mshindi.

Ikabaki ghorofa ya nne. Tulipanda vipandio kumi na vinane, yeye na kadi, mimi na sinia, tukangojeshwa mlangoni karibu nusu saa. Mkuu alivaa miwani ya kusomea, akasoma, akaivua, akaivaa tena. "Mama Kadi. Hii kadi imesainiwa kesho."

"Ndiyo, mzee."

"Na mimi unataka nisaini leo?"

"Ukisaini leo, mzee, utakuwa umemtangulia Naibu wako. Na sheria unaijua."

Chini uani gari likaungurumishwa. Mkuu akahesabu siku kwa vidole. "Keshokutwa ni Jumamosi. Jumamosi mimi sifanyi kazi."

Ulimi wangu uliwasha kumuuliza siku nyingine hufanya kazi gani, Mungu wangu ndiye shahidi, nikauuma. Mama Kadi akasema, "Kwa neno hili, mzee, itasemwa kwamba ulifanya." Na Mkuu, akiona sifa inamjia mlangoni, akasaini: Jumamosi, saa tatu asubuhi.

Alishuka ghorofa nne mwanamke yule, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi! Dereva alikuwa ameshaingiza gia. "Saini ngapi?" akauliza. "Tatu!" Akazihesabu kwa kidole, moja, mbili, tatu, hakusoma tarehe hata moja, akaitupa kadi kwenye boksi, akaondoka. Andikeni basi, enyi waandishi wa nyakati, kwamba siku hiyo mwanamke mmoja aliwapita wakubwa watatu kwa siku tatu katika muda usiofika saa mbili, na uani palikuwa na mtu mmoja tu wa kumpigia vigelegele, nami nilivipiga mpaka koo likakauka.

Kamusi ilitoka baada ya miezi mitatu. Nilikwenda na Mama Kadi nyumbani kwake jioni ile. Bibi alikuwa kitandani, kajifunika shuka jeupe, na bintiye akamsomea mistari miwili ile midogo: takatifu, kutokana na kutakata, kuwa safi kama nguo iliyofuliwa.

"Rudia," akasema bibi. Akarudia. Bibi akanyoosha mkono akaupapasa ukurasa, na machozi yakamtoka asiyafute.

"Na hao wakubwa waliokaa nalo," akauliza baadaye, "nguo zao wanafua wenyewe?"

"Hawafui, mama. Wanafuliwa."

"Ndiyo maana imewachukua miezi saba."