Kumi na Mbili kwa Mkono wa Kushoto

Jumatatu, 7 Oktoba
Msiba. Mrushaji wetu wa futiboli ya Kimarekani kavunjika kidole. Yule alikuwa anatupa mpira karibu ufike kaunti ya jirani! Badala yake tunaye Wendell Kubena: mfupi, mwepesi wa miguu, anarusha kwa kushoto. Pasi zake ni za haraka lakini hazivuki yadi kumi na tano. Hrabal, kocha mkuu, kasema nipange pasi zimfae kijana; tukifungwa Ijumaa, nahamia kufua jezi. Orsak, kocha wa ulinzi, kacheka hadi kapaliwa na kolachi yake, andazi lenye plamu. Kaniuliza natumia sabuni ya unga au ya maji.

Jumanne, 8 Oktoba
Pasi zimfae yeye? Yeye ndiye azifae pasi. Nimemrushisha ndefu mara sitini. Kasema kwa adabu, "Kocha, mkono wangu haufiki huko." Nikamwambia mkono unafika ukilazimishwa. Ya sitini na moja imemwangukia mpiga tarumbeta wa bendi ya shule.

Jumatano, 9 Oktoba
Nimepata! Ubaya si mkono, ni kitabu changu cha mbinu. Kimechorwa kwa mtu wa kulia. Nimebandika kurasa dirishani, upande wa nyuma ukinitazama, nikanakili kila kitu kama kilivyoonekana. Pasi zangu ndefu, 12, 13 na 14, sasa zinakwenda kushoto. Zile fupi, 21, 31 na 41, nilizichora zamani kunenepesha kitabu tu. Nazo nimezigeuza, kwa huruma.

Alhamisi, 10 Oktoba
Radi. Hakuna mazoezi. Nimetengeneza kadi za kufunga mkononi, zenye namba na michoro. Orsak kauliza kama nimezihakiki. Wivu huo.

Ijumaa, 11 Oktoba
Mji mzima uwanjani. Nikaita pasi ya kumi na mbili. Wendell kaangalia kadi, katabasamu, kakimbilia kushoto, katoa kipasi cha yadi sita! Nikaita kumi na tatu. Kipasi tena. Kumi na nne: kipasi, na mpokeaji akakimbia na mpira hadi mwisho wa uwanja. Nimepiga kelele mpaka sauti imekauka. Hakuna aliyenitii. Tumeshinda 34 kwa 10. Nimefurahi kupita kiasi, na sielewi chochote.

Jumamosi, 12 Oktoba
Hrabal kanikumbatia mbele ya duka la mikate. Kasema hajaona mtu akimpangia kijana pasi zake vizuri hivyo, mambo ya jezi yamekwisha. Nikajibu kwamba ni kazi ndogo. Orsak kaninunulia kolachi mbili, uso umemshuka. Tamu sana.

Jumapili, 13 Oktoba
Baada ya kanisa nimezitazama kadi. Mungu wangu! Dirishani 21 ilisomeka 12, 31 ikawa 13, 41 ikawa 14. Jioni nzima nilikuwa naita zile fupi! Tumeshinda kwa makosa, bila pasi ndefu hata moja. Hebu fikiria tungeshinda kwa ngapi kadi zingekuwa sawa.
Nimeshazirekebisha zote.